Vitumbua vya chenga: chai ya asubuhi isiyojua yai

Mwezi wa sita mwaka jana dada yangu aliniletea mwanae wa miaka sita akae na mimi likizo yote hapa Moshi. Akashusha begi la nguo, akashusha na maagizo hata kabla hajakaa, asicheze na maji jioni, asipewe simu kabla ya kula, na yai asiguse. Nikamwambia sawa, simpi mayai, mbona rahisi. Akanishika mkono kabisa, akasema we hujaelewa, sio yai la kukaanga tu, hata lililojificha ndani ya kitu, keki, pankeki, chochote, midomo inavimba na anajikuna mwili mzima, wameshakimbizana naye hospitali mara mbili. Hapo ndo nikaanza kuogopa.

Manake kesho yake asubuhi nikasimama jikoni nikajiuliza huyu mtoto anakunywa chai na nini, nikagundua kila kitu kitamu ninachojua kupika asubuhi kinapitia kwenye yai. Pankeki zangu mayai mawili, chapati maji yai moja, mkate nauchovya kwenye yai lenye sukari ndo nakaanga. Sijawahi kujiuliza yai linafanya kazi gani humo, nilikuwa naweka tu kwa sababu mama alikuwa anaweka. Na trei la mayai jinsi lilivyopanda, we acha tu.

Siku mbili za kwanza tukala viazi vitamu na uji. Siku ya tatu akaniangalia kwa adabu zote akaniuliza, "Mamdogo, kwenu hapa hakunaga vitu vitamu?" Nikajisikia vibaya jamani. Nikatoka mpaka kwenye kibanda kimoja sitakitaja, nikauliza maandazi yana mayai? Mwenye kibanda akajibu haraka haraka, hayana dada. Nimeshafunguliwa mfuko nishike pesa nitoe, yule binti anayekaanga huku nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Limo moja tu kwenye ndoo nzima." Moja tu! Nikarudisha maandazi, nikarudi nyumbani mikono mitupu, na toka siku ile nikasema cha kumpa huyu mtoto nitakipika mwenyewe nikiwa naona kila kinachoingia.

Sasa kwenye nyumba tunayopanga huku Pasua chumba cha mwisho anakaa mama mmoja mtu mzima, ametokea Pangani miaka mingi iliyopita, watoto wote wa uani tunamwita Bibi Tanga na wakubwa pia tumeshazoea hivyo hivyo. Nikamwamkia, shikamoo bibi, nikamweleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akacheka. "Mwanangu, kitumbua tangu lini kikala yai?"

Kweli kabisa! Mi vitumbua nimevila maisha yangu yote lakini nilikuwa navinunua, sikuwahi kuvipika, kwetu Marangu asubuhi ni ndizi na maziwa, vitumbua ni vitu vya watu wa pwani vilivyopanda na treni. Nikaingia kwenye simu kutafuta vipimo, nikakuta kuna watu wanaweka yai, wengine mawili, wengine wanaweka unga wa ngano nusu kwa nusu. Nikamwonyesha bibi. Akashika simu kwa mbali vile wanavyoshikaga wazee, akasoma, akanirudishia. "Hao wanapika keki, wamekosa trei ya keki."

Basi nieleze alivyonifundisha, na pale nilipoharibu pia ntasema.

Kwanza mchele. Usinunue mchele mzuri, ntakuomba sana. Nenda sokoni ukaulize chenga. Mi naendaga Mbuyuni, pale kwenye wauza nafaka, ukisogea pembeni ya magunia ya mchele mrefu utakuta debe au gunia limekaa kama limesuswa, ndani kuna mchele uliokatika katika, huo ndo chenga. Ni mchele ule ule, umevunjika tu mashineni wakati wa kukoboa, wengine wananunua wakawapikie kuku na mbwa. Huku kwetu mchele haupo mbali, ukishuka kidogo tu kutoka Pasua uko Mabogini kwenye majaruba, ule mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ambao Wajapani walisaidia kujenga miaka ya 80, kwa hiyo chenga hazikosi. Na kwa vitumbua chenga ni bora hata kuliko mchele mzima kwa sababu zinalainika haraka na si unaenda kuzisaga jamani, utalipia urefu wa punje ya nini? Ila uzipepete na uchague vizuri, mawe yapo, nina jino linaweza kutoa ushahidi.

Nusu kilo ya chenga, osha mpaka maji yasiwe meupe sana, loweka. Mi naloweka asubuhi nikitoka, jioni nazikuta ukiibana punje kwa kucha inavunjika kama chaki. Ikiwa bado ngumu katikati usisage, vitumbua vitakuwa na mchanga mchanga mdomoni.

Alafu inakuja ile siri, na hapa ndo nilielewa habari ya yai. Bibi aliniuliza, "Una kiporo?" Nikasema kiporo cha nini. Akasema wali wa jana. Nikampa bakuli, akachota kama viganja viwili, wali mkavu wa baridi umeshikana, akautupa kwenye blenda pamoja na chenga mbichi. Nikadhani anamalizia tu kiporo kisiharibike. Kumbe huo wali ndo unaoshika. Angalia, kwenye keki yai likipata moto linaganda, linashikilia vile vitundu vya hewa visibomoke. Mchele hauna ule mnato wa ngano, ukiusaga mbichi peke yake ukauacha utakuta unga umetuama chini maji yamekaa juu, hamira hata ikitoa gesi inapotelea hewani tu. Sasa wali ulioiva wanga wake umeshavimba, umeshakuwa kama gundi, unaufanya uji wote uwe mzito, unga hautuami na mapovu yanabaki ndani. Ukija kupata moto wa chuma cha kukaangia, wanga wa zile chenga nao unavimba unashika. Kazi ya yai imeshafanyika na yai liko kwa kuku wake.

Saga mpaka ukisugua kati ya vidole viwili usisikie kitu. Kama umeme umekatika, na utakatika, subiri. Mi kuna siku nilijidai nasaga kwenye kinu, saa zima mabega yananiuma, bado nikapata kitu kama uji wa kuku. Blenda ndogo usiijaze, saga kidogo kidogo, na maji au maziwa weka machache, uji ukae mzito, ukiinua upawa ushuke kwa uvivu. Ukishakuwa mwepesi hapo hakuna dawa, labda uongeze kiporo usage tena.

Hamira kijiko kimoja cha chai. Na sukari usiweke usiku! Hilo nililibishia. Bibi kasema sukari unaweka asubuhi uji ukishaumuka, mi nikaona ananiongezea kazi nikamwaga yote usiku. Asubuhi nikakuta uji umekuwa mwepesi mwepesi umelegea, sukari si inayeyuka inakuwa maji, na hamira ikikuta sukari nyingi sana inazubaa badala ya kufanya kazi. Siku hizi usiku naweka kijiko kimoja tu cha kuiamsha.

Ila kosa langu kubwa lilikuwa baridi. Mwezi wa sita na wa saba Moshi mnaujua, mlima unakaa ndani ya mawingu wiki nzima hata huuoni, asubuhi watu wanatembea na masweta mpaka saa nne. Bibi Tanga vipimo vyake vya muda ni vya Pangani, kule ukisaga saa tatu usiku, alfajiri uji umefika kwenye mfuniko. Mi nikasaga saa tatu nikaacha sufuria juu ya meza jikoni, sakafu ya simenti, dirisha lenye nyavu tu. Saa kumi na moja na nusu nafunua, uji umelala vile vile nilivyouacha, hauna hata povu moja. Mtoto ameshaamka amekaa kwenye kigoda anasubiri. Nikakaanga hivyo hivyo kwa aibu, vikatoka vigumu bapa kama vifuniko vya chupa, akala kimoja akaniambia, "Mamdogo, hivi ni biskuti?" Nikasema eeh, ni biskuti.

Sio kwamba hamira ilikuwa mbovu. Hamira ni kadudu, kanataka joto, baridi inakachelewesha. Sasa kama unaishi huku juu, Moshi, Arusha ndo kabisa, fanya hivi: maziwa ya kusagia yawe ya vuguvugu, ya kidole kuvumilia, sio ya moto utakaua. Ukishasaga tia kwenye sufuria refu jaza nusu tu, funika, weka sufuria ndani ya beseni lenye maji ya moto kiasi, alafu funga lote kwa blanketi kuukuu kama unamfunika mgonjwa wa malaria. Bibi alivyopita akaona jikoni kwangu pana beseni limevaa blanketi akauliza kuna nini, nikamwambia kuna baridi bibi, akasema haya. Asubuhi nikafunua, uji umepanda umefika juu, una vishimo shimo juu kama sega la asali na harufu ile ya uchachu kidogo, ile inayokukumbusha mbege inapoanza kuiva. Wachaga kuchachusha tunajua bwana, ndizi na ulezi tumechachusha karne na karne, leo chenga itushinde?

Kipindi cha joto, mwezi wa kwanza wa pili hivi, kinyume chake, usiweke usiku kucha hasa kama umesagia maziwa, utaamka na kitu kichachu cha kumwaga. Acha chenga zilale kwenye maji tu, saga saa kumi na moja alfajiri, kufika saa kumi na mbili na nusu tayari.

Nimesema maziwa. Hapa sasa ndo ugomvi.

Kitumbua chenyewe ni cha tui la nazi, hilo halina mjadala, na nikisema cha maziwa ni sawa na cha nazi nitakuwa mwongo. Cha nazi kina harufu, kina mafuta yake, kinakuwa laini hata kikipoa. Lakini nazi mpaka ifike Moshi imeshapanda gari kutoka Tanga, na vitumbua vya watu sita vinataka nazi mbili zilizokomaa, hapo habari ya rahisi inakuwa imeshakufa. Maziwa ninayo, jirani wa nyuma ana ng'ombe, nusu lita kila siku. Nikachemsha, nikasagia hayo. Bibi Tanga akaonja, akatafuna polepole, akaniambia si vibaya, ila wallahi hivi sio vitumbua, hivi ni vitu vingine, vitafutie jina. Mpaka leo hajalegeza. Mi naona ukizidisha iliki kidogo pengo linazibika. Iliki punje nane, toa maganda, twanga na kijiko cha sukari inasagika vizuri zaidi, usiweke ile ya unga ya kwenye pakiti iliyokaa dukani toka mwaka juzi, ile ni vumbi.

Asubuhi: sukari nusu kikombe, iliki, chumvi ya kubana na vidole viwili, koroga taratibu usiue mapovu yote, acha dakika kumi na tano upumue tena wakati unawasha jiko.

Chuma. Kama huna nunua kile kizito, chenye vishimo saba, sio vile vyepesi vinavyong'aa, vinaunguza chini juu kubichi. Chuma kipya kitakutesa, siku ya kwanza kila kitumbua kilishika nikawa nakichimba na kijiko, nikapata makombo sufuria nzima. Kukizoesha ni kukipaka mafuta kila kishimo, kukiweka kwenye moto mpaka kitoe moshi, kufuta, kupaka tena, mara tatu nne, na baada ya hapo usikisugue kwa sabuni na steelwaya, futa tu kwa karatasi.

Moto wa mkaa wa wastani, na ukiona umekolea sana tawanya makaa. Kijiko cha chai cha mafuta kila kishimo, yakipata moto mimina uji usijaze, acha nafasi ya kidole. Utasikia pale pembeni panaanza kuimba, chiii, kingo zinakuwa na rangi ya kahawia, juu kunatoka vitundu vinapasuka kimoja kimoja, katikati bado panacheza. Usiwe na haraka hapo. Kikiwa tayari chenyewe kinaachia, ukikigusa pembeni na kijiti cha mshikaki kinazunguka ndani ya kishimo kama tairi. Kichome kijiti ubavuni, kigeuze, ongeza tone la mafuta. Yule mtoto hiyo kazi ya kuzungusha ndo aliipenda kuliko kula, ananiambia hicho, mamdogo, hicho kimeachia, hicho bado, na alikuwa anapatia kuliko mimi.

Nusu kilo ile inanitolea vitumbua ishirini na nane, chuma mara nne. Hesabu zangu za siku ile, bei zinabadilika usije ukanishika shati: chenga 700, maziwa 800, sukari kama 400, hamira 150, iliki 200, mafuta 600, mkaa tuseme 400. Jumla 3,250, kila kimoja kinaangukia shilingi mia na kumi na kitu wakati mtaani nanunua 200 na vidogo. Kiporo sijakihesabu kwa sababu kilikuwa kinaenda kwa kuku. Sukari ndo ya kuchunga, mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 mvua zilivyozidi viwanda vikashindwa kuzalisha sukari ikapanda mpaka watu tukawa tunapima kwa kijiko, na sisi hapa tuko jirani na mashamba ya miwa ya TPC, unayaona kwa macho, lakini miwa ikiwa majini ni ile ile tu. Kipindi kile watu walikuwa wanaweka ndizi kisukari iliyoiva sana, ikishakuwa na madoa meusi, moja au mbili unazisaga humo humo, unapunguza sukari nusu. Vinakuwa vyeusi zaidi na vinaungua haraka, moto upunguze, lakini vitamu.

Na hiyo ndizi ndo inaniokoa siku ambazo nimesahau kuloweka. Ponda kisukari mbili tatu, unga wa ngano kikombe, maziwa mgando kidogo, beking pauda nusu kijiko, unakaanga kama chapati maji ndogo ndogo. Yai hakuna, ndizi inashika. Sio kitu cha kuandikia sana, kinashibisha.

Jumamosi ya mwisho kabla dada hajaja kumchukua mwanae nilipika vya kuzidi, mlima ulikuwa umetoka siku hiyo, mweupe wote, tukakaa nje kwenye ngazi na chai ya rangi ya tangawizi. Mtoto alikula saba, nilihesabu, na midomo yake ikabaki ya kawaida, ina mafuta tu. Bibi Tanga akapita na ndoo yake, nikamkaribisha, akasema ah mimi nimeshakunywa chai, akakaa. Akala kimoja amesimama, cha pili amekaa, akatikisa kichwa, "Sio vitumbua hivi." Nikamwambia najua bibi. Akaomba kibakuli, akachagua sita, vile vilivyoiva pande zote sawa sawa, akafunika na ncha ya kanga yake akaenda zake.

Jioni kibakuli kilirudi kimeoshwa, ndani kuna nazi moja.